Zamda alivyomkatia simu bwana wa mafuriko

Jua halijafika kwenye uchochoro huu wa Kariakoo, lakini Zamda Mkumba tayari ana vumbi la maharage kwenye kope. Ameketi juu ya gunia tupu, ungo mapajani. Anapepeta, anapuliza, anaokota vijiwe. Mwenye duka anatoka, anamwekea kikombe cha chai ya rangi pembeni, anarudi ndani.

"Kila asubuhi hunitolea," anasema Zamda, mwenye miaka 56. "Wala hatuongei sana."

Siku yenye mzigo hupata shilingi 7,000. Siku isiyo na mzigo hurudi Magomeni kwa binti yake kama alivyokuja.

Lakini mwenyewe ni mkulima. Shamba lake la mpunga liko bonde la Mto Rufiji, na mafuriko yaliondoka na mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke, pamoja na chumba alichokuwa akilala. Alikuja mjini kusubiri ardhi ikauke. Ikakauka, naye hana hela ya mbegu wala ya trekta.

Ndipo simu ikaita. Namba ngeni, sauti ya kijana.

"Shikamoo mama. Naitwa Eliakimu, ofisa kilimo. Jina lako limo kwenye msaada wa serikali kwa wakulima waliopatwa na mafuriko. Naomba tuhakiki namba utakayopokelea hela."

Anayeishi Dar anazijua simu za namna hiyo. Unaambiwa kuna hela yako, mwisho unaachwa huna hata nauli.

Klara, anayechambua naye maharage, akapaza sauti: "Mkatie huyo! Mwambie akamtapeli mama yake!"

"Nilimtukana," anasema Zamda, akijifunika mdomo kwa khanga. "Nikamwambia, mwizi mkubwa, huna haya, unaibia hadi walioibiwa na maji! Nikamfungia namba."

Kumbe hakuwa tapeli. Na kama Zamda asingehakikiwa kufikia Ijumaa, jina lake lingeondolewa, na shamba lingekaa tupu msimu mwingine.

Eliakimu, akizungumza kwa simu, anacheka. "Wa kijijini walinijibu vizuri. Waliohamia Dar, karibu wote walinikatia. Hata mimi ningekata."

Angeweza kumwacha Zamda. Kwa nini alipanda pikipiki mpaka shambani kwake?

"Nilishapita pale nikaona limefyekwa," anasema. "Nikajiuliza, nani anafyeka shamba la mtu aliyehama?"

Alikuwa mzee Fikirini, jirani wa mpakani. Alilifyeka ili mwenyewe akirudi asikute pori. Eliakimu akamwomba ampigie Zamda kwa simu yake mwenyewe.

"Zamda wee! Mji umekupa kiburi, siku hizi unatukana mpaka serikali?"

"Nani, Fikirini? Bado hujafa tu?"

"Nife, nani akulindie mpaka? Nimesimama shambani kwako hapa. Na huyo uliyemwita mwizi yuko mbele yangu, kaloa jasho. Haya, ongea naye."

Kijana akamwamkia upya.

"Nilisema tu, nisamehe baba," anasema Zamda. "Akanijibu, hujakosea mama, matapeli endelea kuwatukana hivyo hivyo."

Shilingi 280,000 zilipoingia, bado hakuamini. Alimpa wakala simu amsomee ujumbe, kisha akaenda kwa wakala mwingine.

"Mimi nilimwambia aende na kwa wa tatu," anasema Klara, na wote wawili wanacheka mpaka maharage yanamwagika.

Mbegu ameshanunua. Trekta ameshalikodi. Jumamosi anaondoka, na safari hii atapanda mpunga bondeni na mahindi kwenye mwinuko, ili maji yakichukua kimoja, kingine kibaki.

"Mchele wa kwanza hauji Kariakoo," anasema, akiuinua ungo tena. "Nitaupika kwa nazi. Fikirini na yule kijana wakae mkeka mmoja, mimi niwapakulie mpaka waseme basi."