Sikio la kushoto lilininyima shule, nikaingia kwa meno

Salaam wakuu. Hapa jukwaani huwa nasoma tu. Leo naleta kisa changu, na sijakiongezea chumvi. Mama angali hai na hukosoa hadharani.

Nilizaliwa Matinyani, Kitui, miaka ya sitini. Kifua changu upande wa kulia hakina ule msuli mkubwa unaouona mtu akisukuma mkokoteni. Ni bapa kama meza. Mkono wa upande huo ni mfupi kidogo, na vidole vilikuja vifupi zaidi, viwili vimeshikana kwa ngozi.

Hauumi. Nilichota maji, nikalima, nikapigana na mdogo wangu Mutua na kushinda.

Sasa vijana, niwaeleze. Siku hizo wengi hatukuwa na cheti cha kuzaliwa. Ili uingie Standard One, ulipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa na kugusa sikio la kushoto. Ukilifikia, umekomaa. Usipolifikia, rudi nyumbani ukue.

Mimi nilikua. Vidole ndivyo vilikataa.

Mwaka wa kwanza nikarudishwa. Uliofuata pia, na Mutua akagusa lake akaingia. Jioni alinifundisha a, e, i, o, u kwa madharau makubwa.

Mwaka uliofuata Baba akasema nikikosa tena, nibaki na mbuzi moja kwa moja. Mama akanipeleka mwenyewe.

"Mkono wa kulia, mama," akasema mwalimu mkuu.

"Mwalimu, jaribu wa kushoto. Huo unafika mpaka shingoni."

"Wote nimewapima kwa wa kulia. Nikianza kushoto, kesho mtaniletea wanaonyonya."

"Aiya! Mdogo wake yuko darasani kwako! Kwani nilizaa wa pili kabla ya wa kwanza?"

Mwalimu akanigeukia. Baba yake aliuza mbuzi sokoni, na yeye alikulia hapo hapo. Akaniangalia vile watu wa soko huangalia mbuzi wakitaka kujua umri wake.

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akachungulia meno ya mbele.

"Huyu ametoa ya maziwa kitambo," akasema. "Ameiva."

Mama akamuuliza, "Kwani unamnunua?"

"Namwandika."

Nikaingia. Nikaandika kwa mkono wa kushoto, na mwalimu huyo akakataza mtu yeyote kunichapa kwa hilo.

Miaka ya tisini, nikiwa nimeolewa Mbooni, daktari alinipima akasema hali hii inaitwa Poland syndrome. Nikamwambia sijawahi kufika huko. Akanieleza kwa upole kwamba ni jina la mtu.

Mtoto huzaliwa hivyo, kwa kawaida upande mmoja tu. Chanzo hakijulikani vizuri. Si laana, wala mama hakukosea kitu akiwa mjamzito. Titi langu la kulia halikuota. Watoto wangu walinyonya la kushoto, na wakanenepa.

Nilichojifunza ni hiki: kipimo kikimkataa mtoto, tafuteni kingine kabla ya kumrudisha kwa mbuzi.

Mwenye mtoto kama mimi, au aliye kama mimi, karibu uulize hapa chini. Nitajibu polepole, kwa sababu naandika kwa mkono mmoja.

Ukiona haya kuuliza, inua tu mkono. Wowote.