Maji Yaliyolala na Samaki wa Baba

Samaki wa baba walipougua, nyumbani kwetu Temeke tulikuwepo watu hawa. Bi Rukia, mtu wa Lindi, aliyeolewa na baba baada ya mama yangu Zainabu kufariki. Mie nilimwita mama mdogo, na kwa kulazimishwa. Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa baba, aliyekaa Kiwalani lakini haipiti Jumatano wala Jumapili hujamwona kwetu. Bwana Elifuraha, Mpare, karani, mpangaji wa chumba cha mbele. Na mie Mwanahamisi, miaka tisa, shule nimeiachia darasa la tatu. Baba mwenyewe, Athumani Kibwana, hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitali, amepasuliwa ngiri.

Wote hawa wamenirudia juzi nikiwa kwa mjukuu wangu Nasra huko Goba. Alifungua bomba ajaze ndoo, ile harufu ya dawa ya maji ikanipanda puani. Nasra anafuga samaki wa mapambo sebuleni. Ana mashine ya kupuliza hewa, ana taa, ana vichupa vya dawa vimepangwa kama duka. Sie hatukuwa na kichupa hata kimoja. Mie nilikuwa na macho tu, tena macho yaliyofundishwa vibaya.

Baba alikuwa mpishi wa Wazungu Oysterbay. Walipohama walimwachia sufuria mbili na sanduku la kioo lenye samaki sita wekundu. Akalileta Temeke kwa mkokoteni, samaki wenyewe kawapakata kwenye ndoo, akaliweka mezani kando ya redio. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Bwana Elifuraha aliinama, akawaangalia weee, kisha akamwuliza baba kwa upole kabisa, "Sasa Mzee Athumani, hawa mnawanenepesha kwa ajili ya Idi au mtatusubiri na sie wa Krismasi?"

Majina niliwapa mie. Sultani, Bi Harusi, Tarishi, Koplo, Kishungi na Mchoyo. Mchoyo alikuwa na tabia ya kufukuza wenzie kwenye chakula, ndiyo maana.

Siku anapelekwa hospitali baba alinishika kichwa akasema, "Mwana, waangalie." Basi. Shangazi Mwanaidi ndiye aliyenifafanulia. Alinivuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, akaniambia baba yangu hakumaanisha samaki peke yao. Nitazame mikono ya huyu mwanamke. Nitazame anashika nini, anatia nini, wapi. Baba anawapenda samaki wale, na mtu akitaka kuondoa vipenzi vya mume huanza na vidogo. "Akiwamaliza samaki," akasema, "anayefuata ni wewe. Utarudi kwa bibi yako kijijini ukalime."

Tangu siku ile sikupepesa macho.

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa maji. Jioni mama mdogo alichota maji bombani, akajaza debe, akaliacha uani wazi, bila kifuniko, mpaka kesho yake mchana, ndipo anabadilisha maji ya samaki. Sasa mie nimelelewa na mama Zainabu. Maji yaliyolala wazi hayatumiwi. Asubuhi unayamwaga, kwa sababu hujui usiku kimekuja kitu gani kikanywa. Hata uso huyanawi. Mtu mzima anayajua haya, na kama anayajua halafu anawapa samaki, ana lake.

Kwa hiyo kila asubuhi, mama mdogo akishaondoka na chupa ya uji kwenda hospitali, nilimwaga lile debe na kulijaza upya bombani, mbio mbio, nikaliacha palepale. Mchana akirudi, anayamimina bila kujua. Na hapo ndipo niliposhika ushahidi, maana kila akimimina, samaki walipanda juu wote, midomo wazi, wakitweta. Kila siku. Anamimina, wanatweta. Nilisimama mlangoni nikajisemea, Shangazi haongopi.

Baada ya siku chache wakatoka vidoa vyeupe mwilini, kama waliomwagiwa chenga za unga. Bi Harusi mkia ukachanika. Tarishi akafa. Nilimfungia Tarishi kwenye karatasi, Jumatano nikamwonyesha Shangazi, naye akamtazama kwa uso wa mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiingoja. Koplo alikufa Alhamisi.

Alhamisi hiyohiyo nilimwona mama mdogo akiinama mferejini na kopo, anachota viluwiluwi vya mbu. Akawaosha, akawatia kwenye maji ya samaki. Wadudu wa mferejini, jamani. Kisha akawahamisha samaki wanne waliobaki kwenye beseni, akafungua fundo la kanga, akatoa kitu cheupe, akakidondosha ndani kidogo kidogo, midomo yake ikicheza bila sauti. Akakoroga kwa mkono. Nilijificha nyuma ya pazia. Mtu anayesema peke yake juu ya maji, nilijua huitwa nani.

Ijumaa asubuhi alipotoka nikaamua sasa ni beseni lenyewe. Nilikuwa nimeliinamisha kwenye mtaro, nimewazuia samaki kwa kiganja, maji yameshafika nusu, mara nikaona miguu. Alikuwa amesahau kijiko cha uji, amerudi.

Nilitegemea kofi. Aliniondoa mkono tu, taratibu, akaliweka beseni sawa. Akauliza, "Unamwaga nini?"

"Ulichowatilia."

"Nimewatilia nini?"

Akaingia ndani, akatoka na kata. Akaitumbukiza mle mle besenini, Sultani akakwepa, mama mdogo akaipeleka mdomoni akanywa yote, mpaka nikaona koo likipanda na kushuka.

"Haya. Nimekufa?"

Nikatikisa kichwa.

"Onja na wewe, halafu uniambie ni kitu gani."

Niliogopa, lakini niliogopa zaidi kuonekana naogopa. Nikachovya kidole, nikalamba. Ilikuwa chumvi. Chumvi ya mawe, ile ya kwenye mboga. Maji yalikuwa kama mchuzi uliosahauliwa kutiwa nazi. Na kumbe ile midomo kucheza alikuwa akihesabu punje.

Akaniuliza kama nimewahi kumwaga na kingine. Nikamwambia debe nalimwagaga kila siku, maji yamelala wazi, mie nawaletea mazuri ya bombani. Hapo ndipo mama mdogo alipokaa chini kibarazani, kijiko mkononi.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akanieleza. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Sie miili yetu mikubwa hatuisikii, lakini samaki anayavuta maji kama sie tunavyovuta hewa, yanamchoma. Lazima yalale wazi ile dawa ipae. Baba yangu miaka yote aliyalaza chumbani kwake, ndiyo maana sikuwahi kuona. Yeye mwenyewe haya yote kayajua kwa kumwuliza baba kitandani, kila asubuhi swali moja, na chumvi ya kuwatibu na viluwiluwi vya kuwalisha ni baba aliyemwelekeza. Sikumwamini. Siku zile kila aliyetaka kunidanganya alianza na "baba yako kasema."

Nadhani aliliona usoni mwangu, kwa sababu aliniuliza kitu ambacho mtu mzima hakuwahi kuniuliza kabla.

"Mwanahamisi, unataka samaki wapone, au unataka mie niondoke?"

Nikafikiri. Sitaki kuwadanganya wasomaji wangu, nilifikiri kwa muda.

"Vyote viwili," nikasema.

Mama mdogo akacheka, mpaka Bwana Elifuraha akafungua dirisha kutazama kuna nini.

"Basi tuanze na samaki," akasema.

Tukaanza nao. Alinipa kazi ya kulilinda debe lisimwagwe, akasema hakuna anayeijua hatari hiyo kunishinda. Nilijifunza kuchota viluwiluwi na kuwasuuza mara tatu. Nilijifunza kumshika Bi Harusi kwa kiganja kilicholowa bila kumkwaruza magamba. Lakini msidhani nilimwamini. Kila asubuhi nilionja maji ya beseni kwanza, akiniona na asiponiona, na kila nilipoonja ilikuwa chumvi tu. Siku ya tano vidoa vikaanza kupukutika. Mchoyo akamfukuza Kishungi kwenye chakula, mama mdogo akasema huyo amepona, roho mbaya imerudi.

Baba alirudi siku ya Jumapili, amejikunja, anatembea kama anayebeba yai. Shangazi Mwanaidi alikuwa keshafika. Baba hajakaa vizuri, nimempa shikamoo tu, Shangazi akaelekeza kidole kwenye sanduku la kioo, tulikokwisha kuwarudisha samaki.

"Hesabu samaki zako, Athumani. Uliacha sita. Mwulize mkeo wawili wako wapi." Kisha akanigeukia. "Au mwulize mtoto. Mtoto kaona yote."

Wote wakanitazama. Nikisema kweli, iliyoua samaki ni mikono yangu. Nikisema aliyotaka Shangazi, mama mdogo anarudi Lindi, na nusu iliyobaki ya jibu langu la vyote viwili inatimia siku hiyohiyo. Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka mama mdogo akasema, huku anammiminia baba chai wala hajainua macho:

"Ni mie. Nilisahau kuyalaza maji."

Shangazi akapiga makofi mara moja, akasema yeye alishasema. Baba alimtazama mkewe, akanitazama mie, akaomba sukari.

Mnafikiri nilishukuru? Nilizidi kumwogopa. Nilijiuliza kaificha siri yangu ili aje aitumie lini. Nikafanya kitu kibaya, nilimsubiri. Nikivunja sahani, nasubiri aseme. Akigombana na baba, nasubiri aseme. Nimekua, nimeolewa Boko, nimezaa, bado nasubiri. Mama mdogo Rukia amefariki mkono wake ukiwa ndani ya wangu, tulikuwa tukizungumza habari ya bei ya unga, na hakusema. Ndipo nilipoelewa kwamba hakukuwa na siku aliyoiwekea siri ile. Alilisema lile neno mbele ya chai, akalimaliza palepale, na mie nikalibeba peke yangu miaka yote hiyo.

Mimi ni bibi, vitu vinanichanganya. Kama kuna mtu wa Temeke ya wakati ule anayekumbuka kuwa samaki walikuwa saba, au kwamba Bwana Elifuraha alikuwa Mchaga, aniambie, nitarekebisha. Lakini jambo la debe lisirekebishwe. Shangazi Mwanaidi alilieneza mpaka Kiwalani, na wapo wajukuu zake wanaolisimulia hadi leo, kwamba mke wa Athumani alisahau kuyalaza maji. Hakusahau hata siku moja.