Siku Mwajabu Aliposema Kweli

Ulimi wa Mwajabu ulijulikana Temeke nzima. Alikuwa muuguzi wa zahanati, Mngindo wa Liwale, na Mngoni aliyepita mbele yake hakusalimika, maana Wangindo na Wangoni ni watani tangu enzi za mababu. Kasiani, dereva wa lori la mawe ya Tegeta, alikuwa Mngoni na jirani yake, ukuta kwa ukuta. Miaka tisa Mwajabu hakuwahi kumwambia neno lisilo na mzaha.

Mwaka 1973 Kasiani aliingia zahanati akitembea upandeupande. Juu ya mfereji wa makalio palikuwa na kitundu kinachotoa usaha. Mwajabu alipenyeza kibano, akavuta unywele mrefu. Alishayaona hayo kwa madereva: kiti hurusha mtu kutwa, nywele huchimba ngozi, panakuwa jipu lisilokoma.

"Hili halitaki kisu, Kasiani. Mkeo akunyoe hapo kila Jumamosi. Kalia beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni, ujikaushe vizuri. Na mwezi mzima usikalie lori."

Kasiani alicheka mpaka akashika meza. "Dereva asikae! Mke aninyoe matako! Nyie Wangindo mtatumaliza."

"Safari hii sitanii."

"Ndo unavyosemaga siku zote."

Na kweli, ndivyo alivyokuwa akisema. Juzi tu alimwapia kwamba lori limeibwa, Kasiani akatoka mbio na taulo hadi barabarani. Mwajabu angeweza kumweleza mke wa Kasiani, Eufrazia. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu. Akasema kesho, na kesho akasahau.

Jipu lilipovimba tena, Kasiani alimwambia utingo wake alipasue kwa kisu, palepale machimboni. Siku ya nane taya zilikaza. Pepopunda ikamchukua.

Msibani mtani hachekeshi kwa hiari, ni wajibu. Wangoni wakamsukuma Mwajabu katikati ya uwanja. Akasimama, hana mzaha hata mmoja.

"Nilimwambia anyolewe," alisema. "Nilimwambia akalie maji ya chumvi. Angepona bila kisu."

Uwanja ukaangua kicheko. Machozi yalipomtoka, wakampigia makofi. Na Eufrazia, kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, naye alicheka.