Mzee Rula na Njia za Mkato

Masika yale, paa la masjala ya hospitali lilipovuja na madaftari ya wagonjwa yakalowa kama mkate kwenye chai, karani mmoja wa miaka ishirini na miwili alijifungia humo wiki sita, akanakili upya majina elfu tatu. Kila mstari aliupiga kwa rula ya mbao, na hakuna herufi iliyothubutu kuvuka mpaka wake. Matroni wa wakati ule alipofungua daftari la kwanza aliufuata mstari mmoja kwa kidole, akasema, "Huyu kijana ni rula yenyewe." Jina likamganda. Alioa akiitwa Rula, akaota mvi akawa Mzee Rula.

Kompyuta zilipokuja hakuzikimbia. Alijifunza jedwali kwa subira ileile, akiisukuma mausi kama mtu anayepiga pasi shati la harusi, kisanduku baada ya kisanduku, mpaka mstari wa mwisho. Matroni mpya akihitaji namba ya jalada lolote, alimwita yeye kwanza. Kuitwa kwanza ndiko kulikomwamsha asubuhi.

Kisha akamwombea kazi shemeji yake, kitindamimba wa ukweni. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alifika amevaa sweta iliyofumwa na mke wa Mzee Rula mwenyewe.

Binti yule mausi aliigusa kwa nadra. Alibonyeza Kontroli na mshale wa chini, akawa amekwisha fika mwisho wa orodha. Kontroli na nukta-mkato, tarehe ya leo ikajiandika. Kona ya kisanduku aliigonga mara mbili tu, safu nzima ikajaa. Wiki ya pili wauguzi wakamwita Vidole. Wiki ya tatu Matroni aliingia, akaipita meza ya Mzee Rula kana kwamba ni kabati, akasema, "Vidole, mwanangu, nitafutie jalada."

Kitu kikamchoma Mzee Rula chini ya mbavu, na hakikuchomoka hata alipofika nyumbani.

"Nasikia mdogo wangu anasifiwa sana huko kazini," alisema mkewe akimpakulia chakula.

"Chumvi imezidi," alijibu, ingawa alikuwa bado hajaonja.

"Baba watoto, wivu huo."

"Nimwonee wivu nani? Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu?"

"Basi naye atakufundisha hivyo vitufe vyake. Mwombe."

Kumwomba! Afadhali ameze rula. Akachagua kuchungulia. Alichonga penseli zisizohitaji kuchongwa, jicho likiwa kwenye vidole vya shemeji yake, na alichokiona akakiandika kwa kalamu ya wino kiganjani: Kontroli na kitufe cha nafasi huchagua safu nzima, kisha kuna kitufe cha kupanga kwa alfabeti.

Mchana mmoja, Vidole alipokwenda kula, alijaribu. Akaichagua safu ya majina, akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama ipange na safu za jirani, au iendelee na hiyo moja tu. Mzee Rula hakupenda kuhojiwa na mashine. Iendelee! Majina yakajipanga kama askari wa gwaride. Akabonyeza Kontroli na S kuhifadhi, akalifunga jedwali, moyo ukichekelea.

Majina yalihama. Namba za majalada zilibaki palepale.

Asubuhi yake, babu mmoja aliyekuja kung'olewa jino alirudi kwa Vidole dirishani na jalada mkononi.

"Mwanangu, humu wameandika nina mimba ya miezi saba."

"Hongera, babu," akasema mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Mimi wamenipa tezi dume."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Matroni hakucheka.

"Vidole! Nilijua haraka zako zitatuponza. Muda wako wa majaribio haujaisha, na huenda leo ukaisha vibaya."

Mzee Rula alikuwa kando ya binti. Anyamaze tu, na kesho ataitwa yeye kwanza. Aliuonja ukimya ule. Ulikuwa mtamu, si haba. Kisha akamwona binti akiivuta mikono ya ile sweta, ikafunika vidole vyake.

"Ni mimi," akasema, akakunjua kiganja chenye wino.

Vidole alibonyeza Kontroli na Z kutengua kosa, lakini hakuna kilichorudi, kwa kuwa jedwali lilikwisha fungwa. Hapo Mzee Rula akavuta droo ya chini, akatoa daftari alilokuwa akiliendeleza kwa siri miaka yote, kila jina na namba yake. Kwa siku mbili yeye alisoma, shemeji akachapa.

"Shemeji, kwa nini hukuniuliza?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekufundisha."

Akafundishwa. Hata hivyo, kila Matroni alipoita "Vidole!", kile kitu chini ya mbavu kiligeuka upande.

Siku ya kustaafu alipiga mistari kwenye kadi, akaandika njia za mkato kumi na moja, na chini kabisa: Ukiulizwa, soma swali. Akaiacha kadi mezani kwa shemeji yake, akaitia rula mfukoni, akasaini daftari la mahudhurio saa tisa na nusu, akaenda zake.