Mvua Juu ya Bati la Redio

Redio yetu ilianzia kwenye duka la kanda, Msasani, mjini Tukuyu. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kurusha matangazo, na mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyeuza kanda na betri, akanunua mtambo mdogo, akasimamisha mlingoti uani, na stoo yake ikaitwa studio. Alitaka muziki tu. Lakini watu walileta kadi za salamu, kisha wakaleta misiba. Miaka ile watu walikufa sana. Ikabidi tusome vifo kati ya wimbo na wimbo.

Mimi niliajiriwa kuandika. Niliishia darasa la saba, na mbele ya watu ulimi wangu ulikuwa mzito, ila mwandiko wangu ulisomeka. Wafiwa walinieleza, nami nikaandika herufi moja moja. Mtangazaji alikuwa mcheshi.

"Dada, wewe ukiandika tangazo la mgonjwa, anakufa kabla hujaweka nukta."

Studio haikuwa na dari. Mvua ikinyesha, bati lilimeza sauti ya msomaji. Kwa hiyo tulikuwa na desturi: mvua ikianza, kipaza sauti kinazimwa, kanda inapigwa mpaka mvua ikatike. Na mvua ya Tukuyu haina haraka ya kuondoka.

Kaka yangu alirudi nyumbani Suma kutoka Dar es Salaam akiwa mifupa mitupu. Mama alimuuguza kwa miezi. Wiki moja akaanza kula, akaomba hata ndizi za kuchoma, na mama akapata moyo wa kushuka Kyela kutafuta mchele wa kuuza. Alichukua redio yake ndogo. Siku ya pili, alfajiri, kaka akafa.

Simu hatukuwa nayo. Baba mdogo akaniambia, "Nenda kwenye redio yako. Mama yako atasikia huko huko sokoni. Tunazika saa tisa."

"Hatuwezi kungoja mpaka kesho?"

"Ardhi imelowa. Kaburi likijaa maji, utalikausha kwa kikombe?"

Nilifika studio saa mbili na nusu, nikakaa kuandika. Kwenye jina la kaka nikakosea herufi. Nikachana karatasi, nikaanza upya. Nilipomaliza, mtangazaji alikuwa anasoma salamu za watu wa Ikuti. Ningeweza kusukuma mlango nikasema, huyu ni wa kwetu, msome sasa. Niliona aibu kumkatiza akiwa hewani. Nikaiweka karatasi yangu chini ya misiba mingine mitatu, kwa zamu, kama siku zote.

Akasoma wa kwanza. Akasoma wa pili. Bati likaanza kulia.

Alizima kipaza sauti, akaweka kanda. Ndipo nilipoichomoa karatasi na kumpa. Aliisoma, akanitazama.

"Dada, mbona hukusema?"

Akawasha tena, akalitamka jina la kaka kwa nguvu zake zote. Mwenye duka, aliyekuwa akisikiliza kwenye redio ya dukani, akaja akasimama mlangoni. "Inasikika mvua tu," alisema.

Mvua ilikatika saa nane. Tangazo likasomwa mara tatu. Nilipofika Suma, ndoo za kuchotea maji ya kaburi zilikuwa zimelala kwenye nyasi, na wanaume walikuwa wanashindilia udongo.

Mama alifika jioni bila mchele, khanga ikiwa na tope hadi magotini. Alipitiliza migombani, akakaa karibu na udongo mbichi. Nilingoja aniulize.

"Tangu saa nne nilikuwa nimefungulia redio yenu," alisema. "Mlipiga muziki mtupu. Nikasema, leo angalau hakuna aliyekufa. Nikawa naimba nao."

Mwezi uliofuata mwenye duka aliweka dari. Misiba ikawa inasomwa hata mvua ikinyesha, na watu wakasema redio yetu imekua. Mama hakuisikiliza tena. Ile redio yake ndogo alimpa jirani.