Skrini ya Mtu Mmoja

Fundi Kadi, kama mtaa ulivyomwita, alichagua skrini mpya ya kompyuta kama mtu anayetafuta mchumba: akapeleleza ukoo, akauliza majirani, kisha akachukua ileile aliyoipenda tangu mwanzo. Duka lake la kuchapa kadi na kalenda lilikuwa chumba kimoja tu, kaunta ya mkewe mbele, meza yake nyuma, na kila mteja aliyeingia alipewa somo ambalo hakuliomba. Kioo cha skrini, yaani paneli, kina aina tatu, alifundisha: IPS rangi zake ni za kweli, ila weusi wake ni wa kijivujivu. OLED weusi wake hauna mfano, lakini ukiiachia picha ileile kutwa nzima, siku moja itabaki chapa kwenye kioo. VA, hapo sasa! Weusi unazama, na bei inaongeleka. Mkewe akamuuliza ni lini mteja amewahi kuleta picha ya giza. Akajitia hamnazo.

VA ikaja, pana, imepinda kidogo, ikajaza meza. Fundi akakaa katikati yake kwenye kiti cha kuzunguka, mikono kifuani, akawaonea huruma wote wasioelewa mambo.

Kisha akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama wa maneno machache, kuidhinisha kalenda ya shule. Kazi hiyo ndiyo iliyolibeba duka kila mwaka. Ikipotea, ni kufunga mlango. Kiti kilikuwa kimoja, na kilikuwa na mwenyewe. Mama akasimama pembeni, akaitazama skrini, akasema sare za shule ni damu ya mzee, hizi mbona zimepauka? Fundi, aliyeziona zimekolea vizuri, akajisemea moyoni kwamba hata wasomi macho huwasumbua, akaongeza rangi. Bado, akasema mama. Akaongeza tena, mpaka mama akaridhika, na giza aliloliona yeye akalihesabu kuwa ndio ule weusi wa VA unaozama. Zamani angetoa nakala moja ya kujaribia, lakini mwenye VA ajaribie nini? Akachapa zote.

Kalenda zikatoka nyeusi tii, wanafunzi wote kama wako msibani. Mwalimu mkuu akazitazama, hakugomba. Akasema atarudi kesho, na kama mambo ni haya, atatafuta pengine.

Fundi akabaki anailaumu mashine ya kuchapia, wino, hata karatasi. Mkewe akaja akasimama kando ya meza, akakunja uso.

"Baba watoto, hebu njoo usimame hapa."

Akasimama. Rangi zikapauka mbele ya macho yake. Akarudi kitini, zikakolea. Akasimama tena, zikapauka. Akapanda na kushuka hivyo mpaka mkewe akashika mbavu kwa kicheko.

"Umezisoma paneli zote," mkewe akasema, "hukusoma mteja anasimama wapi."

Aibu ikamvaa, maana alikuwa amesoma. Kila mahali iliandikwa kwamba IPS ukiitazama kwa pembeni haibadiliki sana, na VA hupauka. Aliiruka sentensi hiyo, kwani yeye na pembeni wapi na wapi?

Kesho yake akampa mwalimu mkuu kiti. Mama akatazama rangi za mwanzo, akasema, "Hiyohiyo, usiiguse." Safari hii ikatoka nakala moja kwanza, mama akaikubali, na kalenda zikachapwa upya kwa hasara ya fundi.

Tangu hapo kiti ni cha wateja. Fundi husimama pembeni, mkono umenyooka kufikia kipanya, anaitazama kazi yake mwenyewe imepauka, na mtu akimuuliza habari za paneli humwelekeza kwa mkewe.