Siku ya Kuonyeshwa Treni

Juzi mjukuu wangu alikuja kunichukua nyumbani, akasema leo tunampeleka mtoto kutembea. Mtoto mwenyewe ni kitukuu changu, ana miaka miwili na kidogo, na kutulia hakujui. Tukashuka Voi, mahali penye bembea na ile nyumba ya mpira iliyojazwa upepo ambayo watoto huirukia mpaka wakalowa jasho. Pazuri, sikatai. Wazazi wameketi na simu zao, chipsi zinanukia, watoto wanapiga kelele za furaha. Lakini treni ilipopiga honi kwa mbali, nilimkamata yule mtoto kifundo cha mkono bila kujua, nikambana mpaka akalia.

"Nyanya, unamuumiza," mjukuu wangu akasema.

Nilimwachilia, nikaona aibu. Labda ili kunituliza, akaniuliza zamani sisi tulikuwa tunawatembeza watoto wapi. Nikamjibu kwamba tulikuwa tunawaonyesha treni. Akacheka, nami nikacheka naye, maana bibi kizee hawezi kuketi kando ya bembea akaanza kuharibia watu siku yao kwa hofu ya miaka karibu sabini. Wewe basi, rafiki yangu, kaa nikusimulie.

Kwetu ni juu, Sagalla. Mahindi yakishavunwa na kuingia ghalani, akina mama wenye watoto wadogo walishuka nao Voi kuwaonyesha treni. Hapakuwa na sheria ya jambo hilo, lakini mtoto aliyejua kutembea vizuri na hajaonyeshwa treni alihesabiwa bado hajauona ulimwengu. Aliogeshwa, akapakwa mafuta ya mbarika mpaka akang'aa, akavishwa nguo iliyokuwa ikilala sandukuni. Mkifika mjini mlikunywa chai ya maziwa na mkate, mkatembea mbele ya maduka ya Wahindi kutazama vitambaa ambavyo hamkuwa na nia ya kununua, kisha mkaenda stesheni. Mtoto akilia kwa kuiona treni, watu walicheka wakasema huyu ana akili. Asipolia, walisema atakuwa dereva.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, zamu ilikuwa ya ndugu yangu mdogo. Ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, na askari wenye bunduki walikuwa wengi pale stesheni. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, na mtoto huyo alikuwa amemwona mara moja tu, angali amefungwa kwenye kanga. Mama alikuwa amejaza kikapu cha kunde na viazi vitamu ampelekee baba kwa mkono wa mtu wa kijijini aliyekuwa anasafiri siku hiyo. Hilo la kikapu ndilo lililomchoma nyanya, mama yake baba. Kwa miezi alikuwa akiwaambia majirani kwamba mkaza mwanawe ana mguu mmoja Sagalla na mwingine Mombasa, na kwamba siku moja atashuka mlima asirudi.

Sasa, lazima nikueleze jambo moja. Kwetu hasira ya mtu mzima haikuwa ya kuchezewa. Ikikaa moyoni bila kutolewa, wazee waliamini, itamwendea mtoto: ataugua, ataanguka, atapotea. Kwa hiyo mwenye hasira alijaza maji kinywani, akayatema chini, akasema moyo wake umekuwa mweupe. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa, hakukosa Jumapili, lakini maji hayo aliyatema, na mchungaji hakuwahi kuuliza. Asubuhi ile hakuyatema. Alikaa jikoni akipepeta maharage ambayo tayari yalikuwa safi, na tulipoaga alisema tu, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mama alisimama mlangoni akingoja neno lingine. Alipoona haliji, alijitwika kikapu tukaondoka.

Mimi ndiye niliyembeba mtoto. Nilikuwa nimevaa gauni la buluu, gauni langu la kwanza lisilorithiwa kwa mtu, lililoshonwa kwa ajili ya Krismasi, na nilikuwa nimelia siku mbili ili niruhusiwe kulivaa. Tulishuka ule mteremko mrefu, vumbi jekundu likitupanda miguuni, tukipita mahali palipokuwa na kinyesi cha ndovu ambacho bado kilikuwa kinatoa mvuke. Mama akatuhimiza tusiseme wala tusisimame. Mtoto alinivuta nywele. Aliniuma bega. Tulipoingia Voi nilikuwa nimechoka kama punda wa maji, na chai yangu niliinywa nimenuna.

Stesheni, treni ya Mombasa ilikuwa imesimama, injini ikipumua moshi na mvuke hata usiweze kusikia mtu anayekuita kwa karibu. Mama aliniambia nikae na mtoto karibu na bomba la maji, nisiondoke, yeye akafikishe kikapu. Nilimwona akisukumana na watu mlangoni pa behewa, akipanda ngazi.

Hapo ndipo niliposikia joto mgongoni. Mtoto alikuwa amekojoa, mkojo ukashuka mpaka pindo la gauni langu la buluu. Nilimfungua, nikamketisha chini kwa nguvu kuliko ilivyostahili, nikainama sikioni mwake nikamwambia, "Treni ikuchukue."

Nikamgeuzia mgongo, nikazunguka ukuta wa tangi la maji, nikaanza kufua pindo la gauni chini ya bomba la upande wa pili. Nilifua kwa makini sana. Filimbi ikapigwa, treni ikajikokota, mabehewa yakagongana moja baada ya lingine, nami nikainua kichwa kuitazama kwa sababu, kusema kweli, mimi mwenyewe nilikuwa napenda treni. Niliporudi, pale nilipomketisha palikuwa na maji tu.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nakumbuka behewa la mwisho likiingia kwenye jua, likawa dogo. Nilijua kabisa ni nani aliyelituma. Mama aliniuliza mtoto yuko wapi mara tatu kabla sijaweza kunyoosha kidole kwenye reli.

Tulitafuta. Tulichungulia chini ya mabenchi, nyuma ya magunia ya mkonge, katika vyoo, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mtu mmoja akasema amemwona mtoto karibu na mabehewa. Mwingine akanong'ona habari za mumiani, wale tuliotishwa nao kwamba hunyonya watu damu, na mama akamwangalia mpaka akanyamaza. Karani wa stesheni, Mungu amlipe, alipiga simu stesheni ya mbele ili treni ikaguliwe. Tukakaa sakafuni nje ya mlango wake, tukisikiliza kile chombo chake cha telegrafu kikigonga tik-tik. Jibu lilipokuja alitoka kofia mkononi. Hakuna mtoto.

Askari akamwambia mama arudi kwao akaite wanaume, maana jua halimngoji mtu na njia ile ina wanyama. Mama hakulia. Alichukua ile kanga niliyombebea mtoto, akajifunga mgongoni bila kitu ndani, tukaanza kupanda mlima. Rafiki yangu, nimezika mume na nimezika mtoto, lakini sijaogopa tena kama nilivyoogopa nyuma ya ile kanga tupu. Kila kichaka kilikuwa na kitu. Na kibaya zaidi kuliko kila kitu kilikuwa ndani yangu mimi, yale maneno mawili niliyoyasema. Nilifungua kinywa mara nyingi niseme. Sikusema.

Karibu na nyumbani mama alisimama.

"Tukifika, wewe nyamaza. Nitasema mimi kwamba nilimwacha."

Tuliingia uani jua likigusa mlima. Nyanya alikuwa ameketi kwenye kigoda, na mapajani mwake, uso mzima umejaa uji, alikuwa ndugu yangu.

Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi. Nyanya naye alitutazama, na kijiko kikamtoka mkononi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anatuona sisi ndio tuliofufuka. Jirani yetu wa nyumba ya chini, mama wa makamo aliyekwenda stesheni kumsindikiza dada yake, alimkuta mtoto wetu peke yake kando ya bomba, akijikongoja kuelekea reli. Akaita, injini ikammeza sauti. Mimi hakuniona, nilikuwa nimeinama nyuma ya ukuta wa tangi na gauni langu. Aliyemwona ni mama, akipanda ngazi ya treni ya Mombasa. Na kwa kuwa alikuwa amesikia maneno ya nyanya miezi yote ile, aliamini mama ameondoka. Alifanya jambo ambalo mtu yeyote wa mlima wetu angefanya: alimfunga mtoto mgongoni kwa leso yake, akampandisha Sagalla, akamkabidhi kwa nyanya yake na kumwambia kwamba mkaza mwanawe amekwenda.

Jioni ile ile nyanya alileta kibuyu cha maji. Akatia maji kinywani, akatema, akasema kwamba kama kuna neno baya lililotoka moyoni mwake asubuhi, liende na maji hayo. Akampa mama. Mama alitema kwa muda mrefu, na alichokisema hakikuwa kidogo, na nyanya alikisikiliza chote bila kujibu. Halafu nyanya akageuka, akaninyooshea mimi kibuyu.

"Na wewe," akasema.

Sikuwa nimemwambia mtu. Mpaka leo sijui alijuaje. Labda ni ule unyevu wa gauni, labda ni uso. Nilitema, nusu ikamwagikia gauni la buluu, na hakuna aliyeniuliza kilichokuwa kimetoka. Nyanya alichota uji mwingine akasema na huyu naye hajala.

Ndugu yangu yule sasa ana mvi na wajukuu. Ukimwuliza, anadai anakumbuka uji tu. Nyanya hayupo, mama hayupo, stesheni ya zamani imetulia hata nyasi zinaota kati ya reli, na treni mpya hupita juu kwa juu bila kuwajua watu. Lakini anayenijia kichwani siku hizi ni yule jirani. Kwa miaka mingi nilimkasirikia kwa saa zile alizotutia hofu, na mama hakumsalimu hadi mvua za pili. Hakuna aliyefikiri kwamba alimnyakua mtoto wetu kandokando ya reli, kwamba alimbeba mlima mzima katika jua la mchana, na yeye si kijana. Alikufa sijamwambia asante.

Tulipokuwa tunaondoka kwenye zile bembea juzi, nilimwona mtoto wa mtu amesimama peke yake kando ya bomba la kunawia mikono. Alikuwa analia, kamasi zimefika kidevuni, na geti lililokuwa nyuma yake liko wazi kuelekea barabarani. Nikainama nimnyanyue.

"Nyanya, mwache," mjukuu wangu akanivuta. "Mtoto wa wenyewe hashikwi siku hizi. Watakuita mwizi, wakupige."

Ana haki. Nimesikia yaliyowapata watu. Kwa hiyo sikumshika. Nilikwenda nikasimama kati yake na lile geti, mikono nyuma kama mfungwa, moyo ukinigonga vilevile kama siku ile, mpaka mama yake alipokuja mbio akamkumbatia, akanitazama kwa macho makali, akaondoka naye.